Pini ya Chuma cha Trela

Kila Opondo aliporudi ufuoni Marenga akipiga kasia, mkewe Jacinter alijua pini ya injini imekatika tena. Aliwaacha samaki aliokuwa akiwaanika, akaweka mkono kiunoni na kupaza sauti: "Baba Quinton! Imevunjika tena?" Wanawake wote wa ufuoni wakacheka. Opondo hakuona cha kuchekesha.

Injini yenyewe ilishapata umri wa kuamkiwa shikamoo, lakini hakuna fundi aliyeruhusiwa kuigusa. Fundi, kwa Opondo, alikuwa mwizi mwenye spana. Alijitengenezea kila kitu, ila hiyo pini, kijiti laini cha shaba kinachoshikilia propela, ilimshinda. Propela ikinaswa na gugu maji tu, pini inakatika, na boti inabaki kuelea.

Siku moja akaenda Malaba, penye foleni ya malori, akanunua kwa wauza vyuma kipande kilichotoka kwenye trela bovu. Akakikata na kukisugua kwa tupa hadi kikatosha tunduni bila kucheza. Maskini, alifurahi mpaka akapiga mluzi.

Jacinter alikigeuzageuza kiganjani.

"Lakini wenye kutengeneza injini si wajinga. Mbona waliweka laini?"

"Ndio wauze zingine! Hii imeshikilia trela ya simiti, mama. Itashindwa na majani?"

Jacinter alimrudishia kipande chake. Aliyemkaa rohoni ni Okwara, mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa akivua na Opondo. Mama yao alikuwa amebakiwa na huyo mmoja tu wa kiume.

"Umrudishe vile umemchukua," alimwambia mumewe. Kila asubuhi alisema hivyo kwa utani, ila leo hakutabasamu.

Waliingia katikati ya gugu maji, injini ikasaga majani na kupita.

"Shemeji, sasa hii ndio boti!" Okwara alishangilia.

Opondo akavimba kichwa. Hata hivyo, ule mngurumo usiokatika ulianza kumtia hofu, na hakuelewa kwa nini. Alikuwa amezoea injini inayojua kushindwa.

Walipofika penye wavu, upepo ukawa unawasukuma, kwa hiyo Opondo akaiacha injini izunguke polepole. Okwara alijizungushia kamba ya wavu mkononi, jinsi wavuvi wanavyofanya samaki wakiwa wazito, akaanza kuvuta. Wavu ukapinda chini ya boti. Propela ikaudaka.

Zamani pini ingekatika papo hapo, watukane kidogo, kisha wacheke. Safari hii kamba ilikaza.

"Shem—" Okwara alisema, akaenda majini mkono ukitangulia.

Opondo alirukia injini. Kitufe cha kuizima kilimteleza mara ya kwanza, mara ya pili. Ilipozimika hatimaye, hakuna kilichokuwa kikijitupa tena chini ya maji. Alikata kamba kwa kisu huku akilia kwa sauti, akampandisha shemeji yake, akamlaza na kumfunika turubai. Kisha akashika kasia, kwa kuwa propela ilikuwa imefungwa na wavu.

Jacinter alimwona kwa mbali, akaacha samaki, akaweka mkono kiunoni.

"Baba Quinton! Imevunjika tena?"

Wanawake wakacheka. Opondo aliendelea kupiga kasia mpaka boti ikagusa mchanga, mpaka Jacinter akaliona turubai na kuanza kuhesabu kwa macho watu waliorudi.

"Haijavunjika," Opondo akasema.