Aliyetajwa Kwanza

Vizibo vya bia vilikuwa vimepangwa mstari mmoja juu ya meza ya chakula, kuanzia kwenye kichupa cha chumvi hadi ukingoni, na Mmarekani mzee alikuwa akivisogeza kwa kidole kimoja kama mtu anayechunga vifaranga. Nje ya dirisha hapakuwa na kreta. Palikuwa na ukungu tu, mzito, uliojikalia juu ya ukingo wa Ngorongoro tangu masika yaingie, na chini yake barabara ya kwenda Karatu ilikuwa imegeuka uji mwekundu. Wageni wenzake waliwahi kushuka kabla mvua haijachachamaa. Yeye alibaki na goti lililovimba, redio yake ya masafa mafupi, na hoteli nzima ya kwake peke yake.

"Hivi ni nini, bwana Kesla?" Kasaine aliuliza kwa Kiingereza chake cha kuongozea watalii.

"Hizi ni timu. Ishirini na nane. Wiki ijayo zitachagua wachezaji."

Kasaine alivuta kiti. Hakuwa na kazi nyingine. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, watalii walikuwa wakija mmoja mmoja kama mvua ya kiangazi, na mwongoza watalii asiye na wa kumwongoza huishia kufuta vumbi kwenye darubini. Basi akasikiliza. Mzee Kesla alimweleza juu ya mpira wa kwao, ule unaobebwa kifuani na kugombewa kwa mabega, na namna ambavyo kila mwaka vijana waliomaliza vyuo hugawanywa kwa timu za kulipwa. Timu iliyoshindwa vibaya kuliko zote huchagua kwanza. Inayofuata kwa unyonge huchagua ya pili. Hivyo hivyo hadi bingwa, na hapo raundi ya kwanza imekwisha.

"Na kijana anachagua timu gani?"

"Kijana hachagui. Anachaguliwa."

"Baba yake je, haendi kuzungumza nao?"

"Baba yake hukaa nyumbani karibu na simu."

Kasaine alitazama vile vizibo kwa muda. Alikuwa amedhani Marekani ni nchi ya watu wanaokwenda watakako. Jambo hilo lilimshtua kuliko habari za kwenda mwezini, ambazo hata hivyo hakuwa amezisadiki.

Kazi ya Kesla, kabla hajastaafu, ilikuwa kuandika gazetini nani atachaguliwa wa ngapi, na kuyaandika hayo kabla ya siku yenyewe. Watu walibishana naye mabaa na makanisani. Mara nyingi alipatia.

"Unapatiaje?" Kasaine aliuliza.

Mzee akainamia meza kana kwamba ukungu ulikuwa na masikio. "Wenzangu wote humtazama kijana. Ana mbio kiasi gani, ana kifua kipana kiasi gani. Mimi simtazami kijana. Namtazama anayechagua. Anapungukiwa nini? Ukishalijua pengo lake, utajua ataliziba na nani."

Maneno hayo yalimwingia Kasaine na kukaa. Kwa maana kwao Oloirobi nako mwaka ule palikuwa na uchaguzi. Masika yakiisha, morani wangenyolewa nywele na kuingizwa utu uzima, na siku hiyo wazee wangemkamata mmoja wao. Si laigwanani, yule msemaji wa rika, huyo alikwishapatikana. Ni yule mwingine, ambaye akishashikwa, mikosi ya rika zima huwekwa juu yake. Wenzake hupata kuoa, kutajirika na kutembea dunia. Yeye hupewa ng'ombe na mke kabla ya wote, halafu hukaa. Haruhusiwi kuhama. Kila rika lina wake, na kila mtu anamfahamu kwa jinsi alivyozeeka haraka. Haambiwi mapema, maana akijua atatoroka. Hukamatwa ngomani, kwa ghafla, na huhitaji wanaume sita kumshikilia.

Jioni hiyo jikoni, Kasaine alimsimulia mpishi Sylvesta mambo yote mawili, la Marekani na la kwao. Sylvesta, Mmbulu wa Kansay, alikuwa akimenya viazi kwa ajili ya mgeni mmoja kwa uangalifu uleule wa kumenyea wageni mia.

"Nyie Wamasai mmezidi," alisema. "Mliiba ng'ombe wa babu yangu, sasa mnaibiana watoto."

"Babu yako tulimpunguzia kazi ya kuchunga. Haya, nikuambie watamchukua nani?"

"Sema, mganga."

"Wazee wanataka nini? Wanataka asiye na kasoro. Kiungo kisipungue hata kimoja, asiwe wa mkono wa kushoto, baba na mama wawe hai, ukoo usiwe na damu ya mtu. Halafu awe mpole, maana yule wa rika la nyuma alikuwa mlevi na aliwasumbua sana. Kwa hiyo ni Koisikir, mtoto wa Soila. Hata macho nikifumba."

"Na mwanao Moinga?"

Kasaine alicheka mpaka akashika meza. "Moinga ana kidato cha nne, bwana. Mwezi wa saba anakwenda chuo cha wanyamapori, barua ya kuitwa nimeiona kwa macho yangu. Wazee wamtake msomi wa nini? Msomi huondoka."

Hilo ndilo lilikuwa tegemeo la maisha yake. Yeye mwenyewe aliachia darasa la nne ili akachunge, na tangu hapo hajaacha kusikia mlango ule ukifungwa nyuma yake. Moinga angepita alipokwamia yeye. Angevaa sare, angekuwa mhifadhi, angeingia ofisini bila kubisha hodi mara tatu.

Kama angeishia jikoni, pengine dunia ingeendelea kama ilivyokuwa. Lakini barabara ilipokauka kidogo aliteremka hadi mnadani Karatu, na pale kwenye nyama choma, katikati ya Wamasai na Wambulu na vibarua wa mashamba ya kahawa kutoka Singida, alijikuta akieleza tena. Watu walimzunguka. Alikuwa hajawahi kuzungukwa hivyo. Kila alipofika mwisho aliombwa arudie kwa waliochelewa, naye alirudia, na kila mara jina la Koisikir lilitoka kinywani mwake jepesi zaidi.

Siku ya Wamarekani ilifika. Redio ilikoroma, ikapotea, ikarudi. Kesla aliibana sikioni, kisha akaweka kizibo cha kwanza katikati ya sahani.

"Wa kwanza nimepatia," alisema. "Redio inasema alilia alipotajwa."

"Kwa nini?"

"Furaha."

"Umeyaona machozi yenyewe?"

"Nimesikia redioni tu, Kasaine."

Kesho yake mzee aliondoka na lori la mbao, goti lake likiwa limefungwa shuka la hoteli, na Kasaine akapata ruhusa ya kwenda nyumbani. Njiani, kwenye malisho ya Oloirobi, alimwona Koisikir kwa mbali amesimama na ng'ombe wa baba yake. Kijana alikuja kumwamkia kama ilivyo desturi, akainamisha kichwa kiguswe. Kasaine alikigusa. Ndipo alipoona mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha kanga, mchafu, na chini ya kitambaa mkono ulikuwa umekoma mahali pasipostahili. Vidole viwili vya mwisho havikuwepo.

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa nakata kuni," Koisikir alisema, akitazama ng'ombe.

Morani hakati kuni. Kuni ni kazi ya mama yake. Hata mtoto wa miaka mitano angecheka kusikia hivyo. Wala kijana hakutarajia kusadikiwa. Alilisema lile kama mtu anayekupa kiti kilichovunjika kwa sababu hana kingine.

Alikwenda bomani kwa Soila. Mama yule alikuwa akipaka nyumba samadi. Hakugeuka.

"Menye Moinga," alisema, akimwita baba wa mwanawe kama ilivyo desturi, "usiingie kwangu."

"Soila, nilikuwa natania tu."

"Walikuja kuniambia kutoka mnadani. Watu watatu, siku moja. Wote jina moja." Aliendelea kupaka, kiganja kikizunguka polepole ukutani. "Baba yake alishindwa. Alishika panga akatetemeka, angemkata mkono mzima. Nikamwambia nipe mimi."

Kasaine alisimama pale mpaka samadi ikaanza kukauka juu ya ukuta.

Haikupita wiki wazee wawili wakamfuata nyumbani kwake. Mkubwa wao alikuwa Ndoinyo, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye watu humsogelea ili wamsikie na hivyo humtii kabla hajamaliza kusema. Kasaine aliwakaribisha chai isiyo na sukari, kwa kuwa sukari mwaka ule ilikuwa hadithi, akakaa akingoja alaaniwe.

"Wewe ndiye uliyemtaja mtoto wa Soila?"

"Ni mimi, mzee."

"Utani wako umetoa damu. Utatoa dume la ng'ombe kwa Soila."

"Nitatoa."

"Hilo limekwisha." Ndoinyo alipuliza chai. "Sasa niambie. Ni kweli tulikuwa tumemweka yeye. Wazee wanne tu tulijua, na hatukusema hata kwa wake zetu. Ulijuaje?"

Kasaine alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa mtu mzima anayetaka kujifunza kitu kwake. Nafuu ile ilimlegeza ulimi. Na ndani ya nafuu, juu ya aibu yote, ilijipenyeza fahari ndogo, kwamba hata huyu Ndoinyo ameketi kwenye kigoda chake akiuliza.

"Mzee, watu humtazama anayechaguliwa," alisema. "Mimi niliwatazama ninyi. Mnaochagua mna pengo gani? Safari iliyopita mlipata mlevi, basi safari hii mlitaka mpole. Mtu yeyote akijua anachopungukiwa nacho mchaguzi, jina hujileta lenyewe."

Ndoinyo aliizungusha chai kikombeni. Mwenzake alikwishamaliza chai na kuanza kusinzia.

"Tunachopungukiwa nacho," Ndoinyo alisema hatimaye, taratibu, kama mtu anayepima ngozi ambayo bado hajajua ataifanyia nini. Akashukuru kwa chai. Akaondoka.

Mwezi wa saba ulikuja na baridi yake kavu. Tambarare ilijaa morani, vichwa vyekundu kwa udongo na mafuta, na mruko wao ulisikika ardhini kabla hujausikia hewani. Moinga alikuwa miongoni mwao. Alikuja kwa heshima tu, rika lake lisije likasema amelidharau. Keshokutwa angepanda gari kwenda chuoni. Kasaine alimtafuta kwa macho, akampata, akaona jinsi anavyoruka vibaya kwa kukaa sana madawatini, na moyo wake ukajaa.

Wazee walianza kupita katikati ya ngoma bila haraka, wakizungumza mambo ya malisho. Kasaine alijua ndio wao. Baada ya Koisikir, yeye aliona hakubaki mwingine ila kijana mmoja wa Nainokanoka, mpole, mzima kila kiungo, na alipowaona wazee wakimwelekea aligeuza uso pembeni, kwa kuwa alikwishapoteza hamu ya kupatia.

Wakampita yule kijana.

Kilichofuata kilikuwa vumbi. Mruko ulikatika, wanawake wakapaza sauti moja ndefu, na mahali fulani ndani ya vumbi kijana alikuwa akipigana kwa nguvu ambazo madawati hayampi mtu. Kasaine alijua sauti kabla hajaona uso. Aliuona mkono wa mwanawe ukitokeza juu ya mabega ya wanaume, vidole vyote vitano vimetanuka, ukazama tena.

Alikimbia. Ndoinyo alimpokea kifuani kwa mikono miwili, kama anayempokea mgonjwa.

"Mwachieni," Kasaine alisema. "Ana chuo. Mzee, huyo ni msomi."

"Ndiyo."

"Msomi huondoka. Hata ninyi mnajua."

"Tunajua. Kila tunayemsomesha, mji unamla. Wakija watu wa serikali na makaratasi ya ardhi yetu tunasimama kama mbuzi, tunabandika vidole mahali tunapoonyeshwa." Sauti yake ilikuwa ya chini sana hivi kwamba Kasaine ilimbidi ainame. "Tulikaa usiku mzima juu ya lile neno lako. Tukaona tunapungukiwa mtu aliyesoma ambaye haruhusiwi kuhama."

Kasaine alijaribu kumsukuma apite.

"Anajiumiza," mzee aliongeza. "Nenda ukashike mguu. Akiguswa na baba hutulia."

Wanaume walimpisha. Moinga alikuwa amelazwa chali, mmoja juu ya kila mkono, mwingine amempakata kichwa ili asikipigize chini. Mguu wa kushoto ulikuwa ukirusha teke hewani. Kasaine alipiga magoti akaukamata juu ya kifundo, na kweli, kama mzee alivyosema, ulitulia. Chini ya kidole gumba chake alisikia mshipa ukipiga.

Moinga aliinua macho. Alimtazama baba yake kwa muda, na alipozungumza alitumia Kiswahili cha shuleni, kilichonyooka, ambacho wengi wa waliomshikilia hawakukijua.

"Baba," alisema, "niachie huo mguu. Mimi nina mbio. Huo mmoja tu."

Mwanamume aliyepakata kichwa alimuuliza Kasaine kijana anasema nini. Kasaine hakumjibu. Vumbi lilikuwa likianza kutua, na zaidi ya mabega ya wanaume tambarare ilionekana, tupu, ndefu, hadi kwenye vilima vya mbali. Aliutazama mkono wake. Ulikuwa bado umeshika.