Jicho Juu ya Kisiwa

Picha za setilaiti hutufikia zikiwa zimechelewa dakika ishirini. Kila mwaka tunalalamika, kila mwaka tunaambiwa tuvumilie. Kazi yangu ni kuzisoma, na asubuhi ile nilikuwa nimekikodolea macho kimbunga, gurudumu la mawingu meupe lililokuwa limekifunika kisiwa anakoishi dada yangu.

Simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Kaka, usiku kucha tumekiona cha moto, lakini sasa kimeisha. Jua linawaka. Shemeji yako yuko juu ya paa, anagongelea mabati."

"Mwambie ashuke sasa hivi. Hakijaisha. Mko katikati yake, kwenye jicho. Nusu ya pili inakuja, na upepo utavuma kutoka upande wa pili."

Akacheka. "Wewe tangu utotoni ni mwoga wa mvua. Haya, ngoja nimpe simu umwambie mwenyewe."

Nilimsikia akimwita mumewe. Nikasikia nyundo. Kisha simu ikakatika.

Nilipiga tena na tena kwa dakika ishirini nzima. Haikupatikana.

Ndipo picha mpya ikafunguka. Katikati ya gurudumu palikuwa na tundu safi, na ndani ya tundu kisiwa chote, kimetulia juani.

Mkurugenzi wetu, ambaye hajui wingu wala moshi, aliinama begani kwangu. "Afadhali," akasema. "Kwa wenzetu kumetulia."

Kwenye picha ile ya dakika ishirini zilizopita, shemeji yangu alikuwa bado anagonga misumari.