Mtu wa Tano

Kazi yangu ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Nilikaa ndani ya kibanda cha kioo pale Freetown, kwenye mahakama iliyoundwa baada ya vita, yenye majaji wawili wageni na mmoja wetu, nikigeuza Kimende, lugha ya kwetu, kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kimende. Niliapishwa nisiongeze wala nisipunguze.

Shahidi wa siku ile siwezi kumtaja jina hata leo. Nitamwita Baindu. Alikaa nyuma ya pazia ili watu wa ukumbini wasimwone, akavishwa vidude vya masikioni, na kabla hajaulizwa lolote akaanza kulalamika.

"Mwambieni huyu kijana anayenisemea masikioni apunguze mwendo. Mimi si kuku, sifukuzwi."

Nikatafsiri hivyo hivyo, nifanyeje? Jaji wetu, Mheshimiwa Kpana, mzaliwa wa upande wa Kenema kunakosemwa Kimende, alificha kicheko kwa leso.

Baindu alisimulia asubuhi nzima bila kuyumba. Yeye peke yake ndiye aliyemwona mshtakiwa, kamanda wa vita, kwa macho yake akiamuru kijiji kichomwe. Asipoaminiwa yeye, kamanda anatoka. Mwishoni akasema, "Nyumbani kwangu waliua watu watano."

Wakili wa utetezi akainuka taratibu na karatasi mkononi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichefua.

"Mama, miaka mitatu iliyopita wapelelezi walikuja kwako. Ukawatajia marehemu: mumeo Lahai, mama mkwe wako Kona, wanao Momoh na Tenneh. Hao wanne. Leo wamekuwa watano. Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Sikudanganya siku yoyote."

"Basi huyo wa tano anaitwa nani?"

Wakili akapiga hatua mbele.

"Jina lake, mama."

"Hana."

Wakili akawageukia majaji. "Hana jina. Waheshimiwa, shahidi huyu anaongeza maiti kadiri kesi inavyosogea."

Nilielewa papo hapo, na yeyote aliyezaliwa kwetu angeelewa. Wapelelezi walimwomba majina, naye akawapa majina. Mtoto mchanga ambaye bado hajatolewa nje ya nyumba na kupewa jina, kwetu hatajwi kwenye orodha ya watu. Sentensi moja tu ya maelezo ingetosha. Nilishika kitufe cha kipaza sauti, nikakiachia, nikakilaani kile kiapo kimoyomoyo.

Ndipo Jaji Kpana alipoinama mbele, akamuuliza mwenyewe kwa Kimende.

"Mama, alikuwa na siku ngapi?"

"Mbili, baba. Wa kike."

"Alikuwa ameshatolewa nje?"

Nilisikia pumzi za Baindu masikioni mwangu.

"Siku yake ilikuwa haijafika. Bibi yake alikuwa bado anamtafutia jina. Wale waliowaua ndio waliomtoa nje."

Sasa ilikuwa zamu yangu. Nilibonyeza kitufe, sauti ikakataa kutoka. Nikajaribu tena. Nilikuwa nalia, mtu mzima na tai yangu shingoni, ndani ya kioo, ukumbi mzima unanitazama, na sikuona haya.

Jaji Kpana hakunisubiri. Aliwageukia wenzake, akawaeleza kwa Kiingereza maana ya kumtoa mtoto nje, kisha akawarudia jibu la yule mama neno kwa neno. Wakili akaketi. Jaji mmoja mgeni, mwanamke wa makamo, akavua miwani na kuiweka mezani.

"Karani," akasema, "andika watano."