Hodi ya Tatu Katika Darasa la Kiingereza

Usiku wa jana niliota, na niliota nikiwa nimevaa suti, kwa kuwa nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea uandishi wa hadithi kwa Kiingereza.

Sikushangaa kuchaguliwa. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari baba wa Salima na wadogo zake, na karani wa ghala la korosho hapa Lindi. Kiingereza nilijifundisha kwa redio na kwa kamusi iliyokosa jalada. Kilichonishangaza ni kwamba chuo kilichelewa kunitambua.

Darasa liko juu ya kilima, na kilima hakitulii. Kila nikikanyaga ngazi kinasogea pembeni kidogo, kama mtu anayekupisha kwenye benchi. Nafika nikitweta. Wanafunzi wenzangu wameshakaa. Mmoja ni binti anayeitwa Editha. Mwingine ni sanduku la bati la bluu, kama yale ya shule za bweni. Likitaka kusema linafungua kifuniko.

"Shikamoo, babu," anasema Editha.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?"

"Salamu zikatwe," linasema sanduku. "Hapa mambo huanzia katikati."

Profesa ni feni la kusimama. Ana shahada ya tatu. Anageuka kushoto na kulia bila kupumzika, hivyo nusu ya somo anawapa wa kushoto na nusu wa kulia. Mimi niko katikati. Napata maneno mawili matatu kila anapopita, nayaandika.

Tunaanza na hadithi ya Editha. Ameandika kwamba mjomba wake alikasirika.

"Usituambie," anasema Profesa akielekea dirishani. "Tuonyeshe," anamalizia akirudi.

Mjomba wa Editha anaingia. Ametokea Songea na bado ameshika tiketi ya basi. Anaipiga meza teke.

"Inatosha?" anauliza.

"Rudia," anasema Profesa. "Weka hisia."

Anaipiga tena, kisha ananiinamia sikioni. "Mzee mwenzangu, mimi si mtu wa hasira. Huyu mtoto nimemsomesha mimi."

"Mjomba hana kazi katika hadithi hii," linasema sanduku. "Meza ingeweza kuanguka yenyewe."

Profesa anajibonyeza kitufe cha tatu. Upepo unamwinua mjomba pamoja na tiketi yake na kumpitisha dirishani, taratibu, kama karatasi.

"Pole kwa mjomba," namwambia Editha.

Ananitazama kwa heshima zote. "Mjomba gani, babu?"

Kuanzia hapo kiti kikanikataa. Nilikaa upande huu, nikakaa upande ule, nikapandisha mguu juu ya mwenzake, nikaushusha. Hadithi iliyofuata ilikuwa yangu.

"Kazi ikichambuliwa, mwandishi hunyamaza," alisema Profesa.

"Nitanyamaza," nikamhakikishia. "Mimi nina nidhamu."

"Huko ni kutuambia tu. Tuonyeshe."

Nikauvua mdomo, nikauweka mezani kwake ndani ya glasi ya maji, kama wafanyavyo wenye meno ya bandia. Haukuuma. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.

Hadithi yangu inamhusu mke wangu, Somoe. Anarudi kutoka Masasi kwenye udongo mwekundu, alikokwenda kumuuguza dada yake msimu mzima wa mvua. Amefika na kapu la muhogo kwenye mlango wake mwenyewe, na kwa kuwa amekaa mbali muda mrefu anaona haya kidogo, anapiga hodi. Hadithi yote ndiyo hiyo. Niliiandika kwa Kiingereza na ni kazi nzuri.

"Hodi," inasema sauti nje.

Nageuka. Mlango wa darasa umekuwa mlango wangu wa nyumbani, ule wa mninga. Hakuna anayejali. Lakini sauti ile naijua, na kwetu hodi hupigwa mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mwenye adabu huondoka. Somoe ana adabu kupita kiasi.

"Huyu mama anafanya nini mlangoni?" linauliza sanduku.

"Anabisha hodi," anasema Editha.

"Kwake?"

"Si katoka safari. Anataka apokewe."

"Kupokewa hakusogezi hadithi. Hana ufunguo? Au apewe bastola. Mama mwenye bastola mlangoni, hapo nitasoma."

"Bastola ataishika wapi, na kapu la muhogo lile?"

"Basi akatwe yeye, libaki kapu."

Nanyoosha mkono kupinga. Profesa ananiambia kwamba mkono nao ni aina ya mdomo, niushushe. Naushusha.

"Hodi," inasema sauti. Ya pili.

"Anarudia," linasema sanduku. "Marudio nayo yakatwe."

"Tupige kura," anasema Profesa kwa upande wa kushoto. Upande wa kulia haukusikia, lakini sanduku limeshainua kifuniko. Editha anainamisha macho, kisha naye anainua kidole, nusu, kama mtu anayeomba kwenda chooni.

Kitufe cha tatu kinaanza kushuka chenyewe, polepole. Nami naanza kusahau. Kwanza inaondoka ladha ya chai yake ya mchaichai. Kisha namna anavyonisema nikiacha taa ikiwaka. Kisha upande wa kitanda anaolala. Nalishika jina kwa nguvu zote. Linaanza na So. Au Sa. Ni mtu wa kwetu, hilo nina hakika, na yuko nje amesimama na mzigo.

Profesa akageuka kuelekea dirishani. Nikaruka. Kwa umri wangu niliruka vizuri. Nikauchopoa mdomo kwenye glasi na kuupachika, ukakaa upande, na kwa kuwa lilikuwa darasa la Kiingereza, nikamwambia kwa Kiingereza aingie. Matamshi yalikuwa safi. Hata sanduku lilifunga kifuniko kwa heshima.

Mlango haukusogea.

"Mzee," ukasema mlango, "unisamehe, mimi sikusoma. Niambie tulivyozoea."

Profesa akaacha kugeuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutulia, akanitazama mimi peke yangu, na joto likaingia darasani.

"Ukilisema neno hilo hapa," akasema, "umefeli."

"Na shahada?"

"Shahada itakuwa imekwenda na upepo wangu."

Joho langu lilikuwa limeshatundikwa kwenye msumari, limepigwa pasi. Lilikuwa na kipimo cha mabega yangu. Nimelitamani joho hilo tangu nilipokuwa nikirudi kutoka masomo ya jioni na watu wakiniuliza, wewe mtu mzima, unasoma ili uwe nani. Nilitaka siku moja niwapitie barabarani nikiwa nimelivaa, nisiwajibu kitu.

Nje nikamsikia anaweka kapu chini. Akavuta pumzi ya hodi ya tatu.

"Tazama, mzee," likasema sanduku, kwa upole safari hii. "Ni mstari mmoja tu. Msomaji hatajua kama alikuwepo."

"Mimi nitajua," nikasema.

"Hutajua. Muulize Editha."

Nikamtazama Editha. Alikuwa anatazama dirisha, amekunja uso, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani, Somoe. Karibu mke wangu, pole na safari, dada anaendeleaje? Lete kapu, nikupokee."

Nikafeli papo hapo. Nilihisi kabisa, ni kama kifungo kinavyokatika shatini. Joho likainuka kwenye msumari na kutoka dirishani, mikono ikipunga. Sanduku likasema mwisho wangu una maneno mengi. Editha alikuwa anaandika kila nilichosema, salamu zote, haraka, huku akifuta macho kwa kiwiko.

Mlango ukafunguka.

Niliamka kumepambazuka, mwili umechoka kama niliyelala kwenye ngazi. Somoe alikuwa kando yangu ndani ya chandarua, upande wake wa ukutani. Masasi hajakanyaga tangu dada yake apone, na hiyo ni habari ya zamani. Nililitaja jina lake taratibu, kulijaribu. Likatoka lote.

Nikavuta shuka nimfunike miguu. Alikuwa amelala na kandambili, na nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu. Uwanja wetu ni mchanga mweupe.

Hakufungua macho.

"Mpaka uanze na Kiingereza," akasema. "Nilikusikia, baba Salima."