Maman Amelima Sanaa

Miaka miwili nimekuwa kwenye orodha ya kungoja kitalu katika bustani ya pamoja ya Ganshoren, hapa Ubelgiji. Miaka miwili ya mikutano, fomu, na kutabasamu mpaka mashavu yanauma. Na sikukitaka kwa ajili yangu; mimi nahudumia wazee, nikirudi nyumbani sina hamu hata ya kumwagilia chungu cha maua. Ni Maman. Tangu nimlete kutoka kwetu Walungu anakaa ghorofa ya nne akitazama maegesho ya magari, na maneno yamemwishia. Mtu aliyelima maisha yake yote sasa ananiuliza kila asubuhi kama leo kuna kazi yoyote.

Jumamosi ilikuwa sherehe ya bustani, ile ya kila mwaka baridi inapokwisha: chakula, sanaa, na hiyo wanayoiita ekolojia ya mjini. Mwenyekiti, Madame Anne-Marie, alinieleza kwamba kamati ingewaangalia waombaji wanavyoshiriki, halafu jioni itoe kitalu kimoja kilichobaki. Nikamfikisha Maman mapema, nikamkalisha kwenye benchi, nikakimbilia maduka ya Chaussée de Wavre kuchukua maandazi niliyoagiza. Kwa kinywa changu mwenyewe nilimwambia asikae bure, watu wamwone ni mchapakazi.

Niliporudi, watu walikuwa wamejaa kwenye kona ya nyuma. Katikati yao kasimama Maman, kitenge amekikaza kiunoni, jembe mkononi, uso unang'aa kwa jasho. Tangu afike Ubelgiji sikuwahi kumwona na furaha ile. Nyuma yake palikuwa na matuta manne, yamenyooka, hayana hata jani moja.

"Ilikuwa sanaa yangu," alisema kijana mmoja mwenye ndevu, karibu alie.

Kumbe mwaka mzima aliyaacha majani ya mjini yajiotee pale, yanayowasha, yenye maua ya njano, kila takataka, akayachorea vibao vyenye majina. Wageni walikuwa waje kuyatazama mchana huo. Maman aliyang'oa yote. Vibao alivipanga vizuri pembeni, akidhani ni kuni.

"Maman, umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimekuta shamba iko chafu, na bageni banakuja. Batu ya hapa habana haya? Bon, nikabasaidia."

Hasira ilinipanda, na sijui hata nilikuwa namkasirikia nani. Kwetu shamba lenye magugu ni aibu ya mwenyewe, na jirani mwema hulipalilia kabla wageni hawajaliona. Ningewaeleza vipi hawa, wanaoona kosa ni jembe lenyewe? Na huyo msanii, mwaka mzima ameshindwa kuzungushia hata kamba? Niliomba radhi kwa Kifaransa mara kumi. Waliyala maandazi yangu wakiyasifu, huku wakinong'ona juu yangu.

Jioni kamati ilijifungia kibandani. Madame Anne-Marie alitoka na tabasamu la kumtuliza mgonjwa. Nalijua, nalitumia kazini.

"Pétronille, hatuna kinyongo. Kitalu ni chenu."

Nilitaka kumkumbatia.

"Kitakuwa hapo hapo kwenye kona," aliendelea. "Ila udongo umesumbuliwa, kwa hiyo tumeamua upumzike. Mwaka mmoja, hakuna kulima. Mama yako atakuja kuangalia majani yanavyojiotea. Litakuwa somo zuri kwake."

Maman alinivuta mkono. "Banasema nini?"

Nikamtafsiria. Nilitamani kudanganya, lakini kesho yake angekuja na jembe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza tena hiyo ya mwaka, akidhani nimekosea Kifaransa.

"Mwaka muzima nikuwe naangalia majani?"

"Ndiyo, Maman."

Alijipangusa udongo mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Niko na miaka soixante-seize, sabini na sita nzima, mutoto yangu. Ubaulize, huo mwaka ni bao benyewe batanipa?"

Madame Anne-Marie aliinamisha kichwa kwa upole, akauliza mama amesema nini. Watu watatu wa kamati walikuwa wakinitazama, na orodha ya kungoja ilikuwa ndefu nyuma yangu. Nilijichukia.

"Anashukuru sana," nikasema, nikaomba kalamu ya kusaini.