Maji ya Mgeni

Kwa mambo mengine Elisha alikuwa mpole, lakini gusa chupa zake umjue. Mwaka ule wa 1998 taasisi ya taifa ya utafiti wa nyuklia ilimtuma kutoka Arusha hadi kijiji kimoja karibu na mlango wa mto Ruvuma, akachukue maji ya kisima. Neno nyuklia likamtangulia kufika. Watu wakanong'ona kwamba amekuja kutega bomu kisimani, na nyumba za kumpokea zikaadimika ghafla.

Aliyempokea ni Mama Odete, mjane ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji. "Bomu gani hilo la kubebwa na ntu mwembamba hivi?" aliwauliza jirani zake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akamtandikia mkeka.

Kisima cha kijiji kilikuwa kimeanza kuwa na chumvi. Kama ni bahari iliyokuwa ikipenya chini kwa chini, kukisafisha ilikuwa kazi bure. Serikali ingelazimika kuchimba kingine mbali, juu kwenye mikorosho. Kama si bahari, kingezibuliwa tope, basi.

"Maji yana alama ndani yake," Elisha alimweleza mwenyeji wake. "Macho hayazioni, ila mitambo yetu inazisoma. Inajua haya ni ya mvua ya juzi, haya ni ya bahari, na haya yamelala ardhini tangu enzi za mababu."

"Kumbe maji nayo yana ukoo!" Mama Odete akashangaa.

Elisha akazizamisha chupa kwenye ndoo, akazijaza na kuzifunga humo humo majini, kisibaki hata kipovu kimoja cha hewa. Mama Odete akacheka mpaka akashika mbavu. Kwao hata vichanga hawakuogeshwa kwa uangalifu ule.

Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa limeshawashwa, Elisha akazipindua chupa kuzikagua. Zote zilikuwa na vipovu. Damu ikamchemka. Akamfokea Stefano, dereva wake, kwa kutolinda mzigo, kisha akakumbuka minong'ono ya bomu na kukilaani kijiji kizima.

"Usiwagombeze bure, mwanangu," alisema Mama Odete, akitoka jikoni na sahani ya mihogo. "Ni mimi. Jana ulipokwenda kuoga niliyamwaga, nikakutilia ya mvua, yale ninayoweka mtungini kwa ajili ya wageni. Utawapelekeaje wakubwa wako maji ya chumvi? Watasema kwetu hatujui kumheshimu mgeni."

Elisha akaziweka chupa chini. Maji yale yangefika maabara yangesema kisima ni kizima, na mama huyu angekunywa chumvi mpaka kaburini kwa sababu ya adabu yake. Kisha akakumbuka chai. Tangu afike hapo hakuonja chumvi hata mara moja, wala hakuwahi kujiuliza mwenyeji wake anakunywa nini. Akaona haya, tena sana.

"Mama," akasema taratibu, "safari hii tuwapelekee aibu yetu kama ilivyo. Ndiyo itakayotuletea maji."

Mama Odete akamtazama, akatua sahani, akatangulia kisimani. Chupa alizizamisha kwa mikono yake mwenyewe.

Mitambo ikasema ni bahari. Serikali nayo ina mwendo wake, ikapita miaka kabla mashine ya kuchimbia haijapanda kule kwenye mikorosho. Lakini ilipanda.

Siku moja Stefano alirudi Arusha kutoka kusini, akaweka mezani kwa Elisha chupa iliyoviringishwa kipande cha kanga. Elisha akaipindua kwa mazoea. Haikuwa na kipovu hata kimoja.

"Nikaipeleke maabara?" aliuliza.

"Mama Odete kakataza," Stefano akajibu. "Kasema haya ya kisima kipya si ya kupima. Ni ya mgeni."

Elisha akaifungua pale pale, akanywa yote.