Matundu Tumboni mwa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alilala chali kwenye kitanda cha dirishani, fulana imekunjwa hadi kifuani, akingoja kuchorwa. Katika wodi ile, daktari atakayekupasua hukuchora mwenyewe asubuhi kwa kalamu ya zambarau, kuonyesha vyuma vyake vitapita wapi. Na adabu ya kazi inakataza daktari kufuta alama za mwenzake.

Saratani ilikuwa kwenye ini, upande wa nyuma, uvimbe mdogo kama kifungo cha shati ulioegemea mshipa mkubwa.

Akatangulia daktari wa kamera, mrefu, ananukia sabuni. Alichora, akaeleza kwamba kamera na vyuma vyembamba vitapita hapo, na kovu lenyewe fundi atalitafuta asilione. Alipofunika kalamu, alama zikafunguka. Hazikutoa damu. Yalikuwa matundu safi, na ndani yake ini lilionekana likipanda na kushuka.

Daktari akachungulia. "Vizuri," akasema. "Panaonekana."

Akaja daktari wa roboti, mfupi, mikono mfukoni.

"Vyuma vyako havina kiwiko," akamwambia mwenzake. "Kule nyuma utakuwa kama mtu anayekoroga sufuria kwa mpini wa ufagio. Mikono ya roboti inapinda."

"Inapinda, ndiyo. Ila mpaka umalize kuufunga mtambo wenyewe, mgonjwa ameota mvi."

Daktari wa roboti akachora zake. Nazo zikafunguka.

"Madaktari wangu, kwangu yoyote sawa," fundi akasema. "Nitoeni tu hiki kitu."

"Tulia, mama," wakamjibu kwa pamoja. Kwa hilo walikubaliana.

Jioni alikuja wifi yake, mke wa kaka, mdomo mbele kama kawaida.

"Wifi, ungenitumia salamu kwamba umekuwa chujio, ningekuja na majani ya chai."

"Cheka tu. Nikikohoa napiga filimbi."

Wifi akainama kuchungulia. Kicheko kikamkauka.

"Hiki kitu kimekua," akasema.

"Najua. Nilikiangalia kwa kioo."

Madaktari walifanya kikao. Takwimu zilionyesha kwamba njia zote mbili huponya karibu sawa, na ndiyo maana kikao hakikuisha. Kila asubuhi walirudi wote wawili kuchora upya, maana uvimbe ulikuwa umeongezeka, na matundu mapya yakafunguka kando ya yale ya zamani. Nesi aliyaziba kwa pamba ili fundi asipate baridi. Baridi iliingia hivyo hivyo, ikakaa chini ya mbavu, na fundi akaacha kulala.

Siku moja wifi alipofika asubuhi, madaktari wakiwepo, uvimbe ulikuwa umesogea wenyewe hadi kwenye tundu moja, ukajaa pale kama ngumi. Fundi akanyoosha vidole auchukue.

"Mikono haijaoshwa, mama," akasema daktari wa kamera.

"Basi chukua wewe."

Madaktari wakatazamana. Tundu lile lilikuwa mahali ambapo alama zao zilikutana, nusu ya huyu, nusu ya yule.

"Mwanzo lilikuwa langu," akasema daktari wa roboti.

"Tulipeleke kwenye kikao," mwenzake akajibu.

Uvimbe ulingoja kidogo, kama mgeni aliyebisha hodi akasikia watu ndani na mlango haufunguliwi. Kisha ukarudi ndani taratibu, ukapita chini ya ini, ukaelekea juu kwenye pafu, ambako hakuna aliyekuwa amechora.

Madaktari wakafungua kalamu. Wifi akachukua pamba, akaanza kuziba matundu, moja baada ya jingine, bila utani wowote.